Kifurushi cha Wawili

Msiniulize jina la nchi yetu. Jina tunalo, na ni zuri, linajaza mdomo, lakini haki ya kulitumia iliisha muda wake wakati wa masika na Hazina haijaihuisha mpaka leo. Kwenye ramani mpya tumeachwa doa jeupe lililoandikwa "Wasiliana na mtoa huduma wako". Watoto shuleni wakiimba wimbo wa taifa, wakifika penye jina wanapiga makofi, halafu wanaendelea. Kwa hiyo nitasema tu nchi yetu, nanyi mtaelewa kuwa ni mbali sana na kwenu na haifanani na kwenu hata kidogo.

Mambo yetu mazuri yalianza na Sheria ya Kuwatua Wananchi Mizigo. Mtukufu Rais aliisoma mwenyewe uwanjani, jua la saa saba, sisi tumesimama, yeye amekaa.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimewatazama muda mrefu nikawaonea huruma. Mwenye baiskeli hana raha kwa pancha. Mwenye jembe hana raha kwa mpini. Mwenye sufuria halali, anamwogopa mwizi wa sufuria. Nimeugundua ugonjwa wenu. Mnamiliki! Kuanzia leo, serikali yenu sikivu inawatua."

Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Nani hataki kutuliwa mzigo? Vitu vyetu vyote vikapandishwa Winguni, na Wingu likakabidhiwa kampuni iitwayo Anga Tupu. Wambea walisema kampuni hiyo ni ya wageni. Wambea wengine walisema ni ya shemeji yake Rais. Mimi sioni ugomvi hapo, maana mtu anaweza kuwa mgeni kwa pasipoti na shemeji kwa ndoa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyenunua kitu katika nchi yetu. Ulijiunga nacho. Sufuria iliendelea kukaa jikoni kwako, ukaiosha, ukaisugua masizi, lakini ruhusa ya kushika moto ilitoka juu, na isipotoka ungeweza kuikalisha kwenye mkaa kutwa nzima maji yasipate hata uvuguvugu. Miavuli nayo ilifunguka kwa ruhusa ya Wingu. Mawingu ya Mungu yakikusanyika mtandao hukatika, kwa hiyo miavuli yetu inafunguka vizuri ajabu wakati wa kiangazi. Shuleni, jedwali la kuzidisha kwa saba liliwekwa kwenye daraja la juu. Watoto wa makabwela wanatoka sita wanaruka kwenda nane, na walimu wanasema wamekuwa wepesi sana. Kitu kimoja tu kilibaki cha kumilikiwa moja kwa moja, bila kuhuishwa wala kuulizwa, nacho ni kiti cha Mtukufu Rais. Mzigo huo alikubali kuubeba peke yake kwa ajili yetu.

Methali pia zilisafishwa. Ile isemayo nguo ya kuazima haisitiri matako ilipigwa marufuku. Nimeiandika hapa ili mkiisikia kwa mtu mjue pa kumpeleka.

*

Sasa nije kwa jirani yangu.

Mwinjuma alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, mikono yake ina grisi isiyotoka hata siku ya Idi. Mkewe, Mwanahawa, alikaanga maandazi na alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Nyumba yao na yangu zilikuwa pua na mdomo. Ilikuwa nyumba ya tofali, chumba na ukumbi, haina makuu, ila mlango. Mlango ule ulikuwa wa mninga, kazi ya mikono ya marehemu baba yake Mwinjuma, mzito, una kitasa cha chuma na ufunguo mrefu kama upawa. Kila mfungo ukikaribia Mwinjuma aliusugua msasa akaupaka vanishi, na Mwanahawa alimtania kutoka kwenye karai la maandazi, "Mume wangu, huyo mke mwenzangu hujamaliza tu kumpodoa?"

Siku moja Waziri wa Mawingu, Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Kilindo, akaja mtaani kwetu kukusanya milango. Alikuja na tarumbeta, hema, na maji ya kunywa ya kwake.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," alituambia. "Lakini, ndugu zangu, ni wageni wangapi wamepiga hodi wakamkuta mwenyeji yuko msalani? Wangapi wameitikiwa kwa sauti ya usingizi, sauti ya njaa, sauti ya mtu aliyetoka kugombana na mkewe? Serikali imeiona aibu hiyo ikalia machozi. Milango mipya itaitikia yenyewe! Mgeni atapiga hodi, mlango utasema karibu, mlango utafunguka. Mwenyeji atapona bila hata kuinuka!"

Mwinjuma akanyoosha mkono wake wenye grisi. "Mheshimiwa, mlango wangu ukiharibika naupiga randa mwenyewe. Huo wenu siku ukinigomea, nitamshika nani?"

Waziri alitabasamu kwa upole. "Ndugu yangu, kinachoweza kukugomea ni kitu chako. Mkeo atakugomea. Punda wako atakugomea. Sasa kitu kisicho chako kitakugomeaje?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Huyo katoka porini leo asubuhi, msameheni!" Tukacheka tena. Mwanahawa peke yake hakucheka. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Chekeni tu, jirani zangu. Chekeni, maana meno bado ni yenu."

Mlango wa mninga uling'olewa alasiri ile ile. Siku hizi upo bustanini kwa Waziri, umepigiliwa miguu, na wageni wake wanakula nyama choma juu yake. Funguo zetu zote ziliyeyushwa ikatengenezwa sanamu ya ufunguo, ndefu kuliko nguzo ya umeme, ikasimamishwa kwenye mzunguko wa barabara kuu ili vizazi vijavyo vijue tumetolewa wapi.

*

Milango mipya ilikuwa ya chuma, haina kitasa wala tundu. Ulijiunga kwa kifurushi: cha Mpweke, cha Wawili, cha Familia au cha Ukoo. Mlango ulisikiliza mapigo ya mioyo ukawajua wakazi wake mmoja mmoja, awe amelala ndani au amesimama kibarazani, na idadi ikizidi kifurushi ulijifunga mpaka mjieleze. Mwinjuma na mkewe hawakuwa na mtoto, wakapewa Kifurushi cha Wawili.

Katika vifurushi vya juu, karibu ilitamkwa kwa sauti laini ya bibi harusi. Vya kwetu sisi vilikuwa na sauti ya mzee mwenye mafua, ikifuatiwa na tangazo la dawa ya minyoo. Na kwa kuwa neno hilo sasa lilikuwa mali ya Anga Tupu, ilikatazwa mtu kulitamka kwa mdomo wake. Bwana Ngwaru, mwalimu mstaafu wa mtaa wetu, alijisahau akamwitikia mkwewe kutoka jikoni, "Karibu, mama!" Akafungwa midomo kwa bendeji ya serikali mpaka ndevu zikaota ndani yake. Aliyemshitaki ni huyo huyo mkwewe. Alisema hajawahi kudhalilishwa vile, kukaribishwa kwa sauti ya bure kana kwamba yeye ni ombaomba.

Hodi haikuguswa. Hodi ilibaki ya wananchi, kwa sababu katika nchi yetu kuomba hakujawahi kuwa na mwenyewe.

Nasi tukashika adabu zetu za zamani kwa nguvu zaidi, tusije tukaonekana hatuna utamaduni. Kwetu mtu hapigi hodi zaidi ya tatu. Ya tatu isipoitikiwa unageuka, unakwenda zako bila kinyongo, na wala huchungulii. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Hapo ndipo Mwanahawa aliposhika mimba. Mbili za nyuma zilikuwa zimeharibika, na watu walishaanza kumpa pole badala ya salamu. Hii ikashika, ikakua, ikamtangulia kila alikokwenda. Mwinjuma akawa anaongea! Alimwambia kila aliyeleta baiskeli, hata wa kujaza upepo tu. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuangalia mnyororo kabla haujakatika, alikwenda mapema ofisi za Anga Tupu kuomba ahamishiwe Kifurushi cha Familia.

"Mtoto anaitwa nani?" aliuliza afisa.

"Bado hajazaliwa."

"Basi hana jina. Asiye na jina hasajiliwi."

"Nikimpa jina leo?"

"Jina litapokelewa mlango ukishamhesabu."

"Na mlango ukimhesabu kabla hajasajiliwa?"

"Utajifunga. Kwa usalama wenu."

Mwinjuma akauliza, "Sasa sisi tutakuwa ndani au tutakuwa nje?"

Afisa akatazama dari. "Hiyo, mzee, itategemea mtakuwa mmesimama wapi."

*

Ilikuwa Alhamisi mchana. Mwinjuma alikuwa kibandani kwake akinyoosha rimu, na Mwanahawa alikuwa nyumbani peke yake akimsubiri Bi Kidawa, mkunga wetu, ambaye mikono yake iliipokea nusu ya mtaa ikizaliwa, nami ninayewaandikia nikiwemo. Bi Kidawa aliahidi kupita baada ya chakula kumpapasa tumbo.

Alipita. Akapiga hodi. Mlango kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu, akasubiri kwa heshima, akageuka na mkoba wake akaenda zake. Njiani akapita kibandani kwa Mwinjuma.

"Baba, nimetoka kwako," akamwambia. "Naona mmetoka."

"Tumetoka nani? Mwanahawa yuko ndani."

"Nimebisha mara tatu, mlango haukusema kitu."

Rimu ikamdondoka mkononi.

Walipofika, mlango ulikuwa umewasha maandishi yake mekundu. Kifurushi cha Wawili, toleo la zamani, kilikuwa kimefutwa adhuhuri ile. Mwinjuma hakudaiwa kitu. Kampuni ilikuwa imeboresha huduma tu, na mteja alitakiwa kukubali masharti mapya ili aendelee kukaribishwa. Juu ya linta palikuwa na tundu la hewa lenye nondo, la kupitisha sauti bila kupitisha mtu, na hapo ndipo tulipomsikia Mwanahawa.

"Nani hapo? Mwinjuma? Chupa imeshapasuka! Leteni mtu!"

Bi Kidawa akavuta ndoo, akaigeuza, akapanda juu yake kwa magoti yake mabovu. "Ni mimi, mwanangu. Lala ubavu wa kushoto. Usisukume kwanza. Pumua."

"Bibi! Wewe si ulibisha, nami nikakuitikia?"

Bi Kidawa akashika nondo za tundu. "Nilisikia sauti, mwanangu. Lakini haikuwa ya mlango."

"Ilikuwa yangu," Mwanahawa akasema.

Mtaa mzima tukajaa. Akaja na Balozi Kitwana, kiongozi wa nyumba zetu kumi, amevaa kofia yake ya kazi. Mwinjuma alikuwa ameshapiga simu Anga Tupu. Ilimtaka abonyeze moja kama anampenda Rais, abonyeze mbili kama anampenda sana, halafu ikampigia zumari kwa kitambo kirefu.

"Asante kwa kuchagua Anga Tupu, naitwa Gladness. Umeshindaje?"

"Dada yangu, mke wangu anazaa na mlango umefungwa, mimi niko nje!"

"Waoo, hongereni sana! Naomba namba ya mlango."

"Iko wapi?"

"Imeandikwa upande wa ndani, kaka."

Mwanahawa akaisoma kutoka ndani. Gladness akashukuru, akasema sasa anatuma tarakimu za uthibitisho, na kwa usalama wa mteja zinakwenda kwenye simu ya nyumba, ile ambayo sheria inataka isitoke ndani. Tulimsikia Mwanahawa akijiburuza sakafuni kuifuata. Akaanza kuzitaja. Tatu. Nane. Kisha uchungu ukamshika, akapiga ukelele uliowakimbiza kuku wa watu, na aliporudi kwenye tarakimu Gladness alisema kwa masikitiko kuwa zimeshapitwa na wakati. Akatuma nyingine. Hizo Mwanahawa alizitema zote kwa pumzi moja, kama mtu anayetukana.

"Safi kabisa," alisema Gladness. "Sasa mteja mwenyewe asimame mbele ya mlango asome masharti mapya kwa sauti. Asiruke neno, mlango unasikiliza."

Mwinjuma akaitupa simu kwa Balozi. Kwa jirani wa pili palikuwa na watu wakichimba shimo la choo, akakimbia huko akarudi na sururu.

"Weka chini, jirani," akasema Balozi Kitwana. "Kifungu unakijua. Mlango mmoja ukivunjwa, nyumba zote kumi zinafungwa mpaka uchunguzi ukamilike."

Kila mmoja wetu akakumbuka kwake. Mmoja alikuwa ameacha mtoto amelala. Mmoja aliacha mama yake mgonjwa. Mimi niliacha maharage jikoni, na siku hiyo sufuria ilikuwa imekubali kushika moto. Tukamrukia Mwinjuma tukamshika, wengine mikono, wengine kiuno, na sururu tukamnyang'anya.

"Niachieni, jamani! Mke wangu atakufa!"

"Hafi," tukamtuliza. "Wanawake wanazaa kila siku."

Nilikuwa upande wa mkono wa kulia. Mnataka kujua nilijisikiaje? Sitaeleza. Aibu haimo kwenye kifurushi changu.

*

Basi akasoma. Masharti yalipita juu ya mlango mstari kwa mstari, naye akayasoma huku jasho na kamasi vikimtiririka, na juu ya ndoo Bi Kidawa naye akisema yake, na ndani Mwanahawa akilia.

"Mteja anakubali kuwa nyumba ni kifaa cha ziada cha mlango."

"Sasa, mwanangu! Sasa sukuma!"

"Mteja anakubali kuwa Anga Tupu haitawajibika kwa lolote litakalotokea upande wowote wa mlango."

"Kichwa nakigusa, bibi! Nakigusa!"

"Mteja anakubali kuwa amesoma masharti haya kwa hiari, kwa utulivu, na kwa..." Sauti ikamkatika. Akajikaza. "Na kwa furaha."

Mlango ukakoroma. "Sauti yako haina furaha," ulisema kwa ile sauti ya mafua. "Tafadhali rudia sehemu hii."

Akarudia. Nawaambia, nimewahi kuona watu wakilia msibani na nimewahi kuona watu wakipigwa na polisi, lakini sijaona kitu kibaya kama uso wa Mwinjuma akitafuta sauti ya furaha. Aliipata. Alisema, "Nimekubali!" kwa sauti ya mtu aliyeshinda bahati nasibu, na mlango ukasafisha koo, ukasema, "Ka..."

Hapo mtoto akalia.

Vigelegele vilipasuka mtaa mzima. Bwana Ngwaru aliyefunguliwa bendeji juzi juzi akaruka na fimbo yake. Bi Kidawa alilia juu ya ndoo. Mwinjuma alikuwa amepiga magoti, anacheka kwa sauti yake mwenyewe sasa, na hakuna aliyesikia kuwa mlango haukumalizia neno lake. Tulipotulia ndipo ukasema, "Mkazi wa tatu ametambuliwa. Kifurushi chako ni cha Wawili. Idadi imezidi."

Balozi akampa Mwinjuma simu. Gladness alikuwa bado yupo, maana ni binti mwenye moyo.

"Nimesikia kwa huku, hongera jamani! Mtoto wa kike au wa kiume?"

"Mwanahawa, mtoto gani?"

"Wa kike." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwinjuma, damu haikatiki."

"Kanda tumbo, mwanangu!" Bi Kidawa akapiga kelele. "Kanda chini ya kitovu, kanda kwa nguvu! Mtie mtoto titi!"

"Mteja, naomba jina la mtoto," alisema Gladness.

"Mwanahawa, anataka jina! Tumwite nani?"

"Mwite Tabu. Ajue alivyokuja."

"Tabu!" Mwinjuma akaipigia simu ukelele. "Anaitwa Tabu!"

Tukasikia vidole vya Gladness vikigonga. "Samahani sana, kaka, jina hilo limeshachukuliwa. Mfumo unapendekeza Tabu Mia Tatu."

"Ndiyo! Hilo hilo! Mfungulieni mke wangu!"

"Asante. Ombi lako la kuongeza mkazi limepokelewa na litashughulikiwa ndani ya siku saba za kazi. Kuna kingine cha kukusaidia?"

Mwinjuma aliirudisha simu kwa Balozi taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe. Akakisogelea chuma cha mlango akaweka mikono yake miwili juu yake, ya grisi, na paji la uso. Hatukuwa na haja ya kumshika tena.

"Bibi, naona baridi," Mwanahawa akasema ndani.

"Usilale, mwanangu. Nisemeshe. Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya. Ana nguvu huyu." Kisha akaita, "Mwinjuma, upo?"

"Nipo. Nipo hapa mlangoni."

"Sasa unangoja nini hapo? Ingia, mume wangu. Karibu."

Alilitamka kwa mdomo wake, wazi, mchana, mbele ya mashahidi. Balozi Kitwana akakohoa, akatazama pembeni, akajifanya hakusikia. Huo ndio msaada pekee ambao serikali ilitoa siku ile, na si haki kuusahau.

Kisha ndani kukanyamaza. Bi Kidawa aliita, "Mwanahawa," akaita tena, akaita kwa jina la utotoni ambalo wengi wetu hatukulijua. Hakuna aliyeitika, mama wala mtoto. Tulisimama tukasikiliza, mtaa mzima, hata wachimba choo, na mahali fulani maharage yalikuwa yanaungua.

Mlango ukasafisha koo.

"Wakazi wa nyumba hii ni wawili," ulisema. "Asante kwa kubaki ndani ya kifurushi chako. Karibu."

Ukafunguka wenyewe, polepole, bila kulia bawaba. Ndani palikuwa na giza la mchana na harufu ya damu, na kona ya mkeka. Hakuna aliyesogea. Wakazi wawili, na mmoja wao alikuwa amesimama mbele yetu. Ndani amebaki mmoja. Hesabu hiyo kila mtu aliimaliza kimoyomoyo, na hakuna aliyethubutu kuomba, kwa sababu kila dua uliyoianza ilikuwa inamwua mtu.

Ndipo mtoto alipolia.

Alilia kwa nguvu, kilio kizuri cha mapafu mazima, kilio ambacho mtaa wowote duniani ungekijibu kwa vigelegele. Bi Kidawa akateremka kwenye ndoo akajifunika uso kwa kanga. Mwinjuma akakaa chini kizingitini, mgongo kwenye fremu, miguu nje, akatutazama mmoja mmoja, na hakuingia.

Mlango ukaona mtu amefika na haingii. Ukasubiri kidogo, ukarudia kwa adabu, "Karibu."